Kufuli Imeshika Kutu

"Rudisha imeili yangu, mwizi wewe!"

"Niirudishe kutoka wapi? Imeili sio kuku, Mbinya!"

"Wewe ndio ulitufundisha kufungua! Wewe ndio unajua kuingia!"

"Kwani nikikufundisha baiskeli halafu iibiwe, ni mimi nimeiba?"

"Ndio!"

Hapo ndipo tuliachana, msomaji wangu, mkono wa Mbinya ukiwa kwa kola ya shati yangu. Na bado uko. Shati yenyewe ni ile ya Krismasi.

Kama gazeti ya wiki jana ilifungia mtu nyama kabla uisome, pole, nitakurushia haraka. Mimi ni Maundu. Nilimaliza form four mwaka juzi, na kila Jumamosi nafundisha kompyuta hapa Machakos mjini, kwa saiba ya Shaaban, ile ya intaneti, juu ya duka lake la hadiwea. Mbinya ni mwenyekiti wa kikundi cha wasichana wachongaji kutoka Wamunyu. Wazee wa vinyago waliwacheka mpaka mbavu zikauma. Wakaacha kucheka siku mzungu mmoja, Bi Ingrid, aliona picha ya twiga wao wawili wamefungana shingo, akasema anataka mia mbili.

Leo ndio Bi Ingrid anakuja kuweka sahihi kwa mkataba.

Lakini kuna mtu ameingia kwa imeili ya Mbinya, akamwandikia Bi Ingrid kwa jina la Mbinya, akabadilisha mahali pa kukutana. Barua yake ameifuta. Imebaki jibu tu: "Sawa, sio Wamunyu tena. Nitakuja hapo umesema, saa kumi."

Hapo umesema. Hapo wapi? Hakuna mtu alijua.

"Mwachilie, Mbinya," akasema Kanini. "Hiyo shati itararuka na hana ingine."

Darasa likacheka. Darasa ni watu watatu, lakini lilicheka kama hamsini. Kanini ni rafiki ya Mbinya tangu nasari, anakaa kiti ya kando yake, vidole vyake vimejaa alama za patasi. Haongeanga sana. Akiongea, mtu anaumia.

Mbinya akaachilia kola. Kabla nipumue, mlango ukafunguka na Shaaban akaingia na harufu ya rangi na misumari.

"Hebu nyamazeni! Wateja wangu huko chini wananiuliza kama huku juu kuna matanga."

"Mzee Shaaban, ni huyu..."

"Nimesikia. Machakos nzima imesikia." Akanigeukia. Shaaban akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. "Maundu, mwanangu. Sasa hivi ni saa nne. Ikifika saa nane, ama unionyeshe mwizi, ama uniwekee funguo zangu hapa kaunta uende zako. Ikisemwa saiba ya Shaaban inasoma barua za watu, nani atapanda ngazi zangu tena?"

"Lakini mzee..."

"Saa nane."

Akashuka.

Msomaji, elewa. Hiyo kazi ndio inafanya mamangu aitwe mama mwalimu kule Muthetheni. Amezoea. Juzi hata alikataa kupanga laini kwa posho mill ya kusaga mahindi.

"Fundisha basi, mwalimu," akasema Mzee Kahiga kutoka nyuma. "Mimi nimetoka Yatta na nauli, sikuja kuona shati."

Mzee Kahiga alikuwa karani wa serikali miaka thelathini. Sasa amestaafu, analima, na anasoma bure kwa sababu ndiye anashika kitabu cha wageni pale kaunta. Ana rula yake, ana biro nyekundu. Usipojaza vizuri anakurudisha kutoka kwa ngazi.

Nikashika chaki.

"Mbinya, paswadi yako ya kwanza ilikuwa gani?"

"Mbinya."

"Ikaingiliwa. Ukabadilisha ukaweka?"

"Mbinya moja."

"Ikaingiliwa tena. Ukaweka?"

Akaangalia chini. "Wamunyu."

"Yangu ni kahiga," akasema Mzee Kahiga kwa maringo, "lakini kwa herufi kubwa."

"Mzee! Hiyo umefunga ng'ombe na uzi wa kushona!"

Nikawaambia hivi: paswadi fupi ni mlango wa mabati, mtu akipiga teke mbili ameingia. Jina lako, jina la mtoto, jina la kwenu, hizo ndizo mwizi anajaribu kwanza, kwa sababu mwizi sio mjinga, amesoma kama wewe. Chukua sentensi nzima. Ya upuzi. Kitu ilifanyika kwenu na hakuna mtu mwingine anaweza kuiota. Weka namba ndani, weka alama.

"Kama gani?" akauliza Mbinya.

"Ukiniambia mimi, si nitakuwa nimejua? Andika, nimegeuka."

Nikageukia ukuta. Nikasikia Mbinya akigonga kibodi na kidole kimoja, tek, tek, tek, na akicheka peke yake. Ilichukua kama dakika tatu. Hata mimi nilitamani kujua hiyo sentensi.

"Nimemaliza. Huyo mwizi leo ataona moto." Akaenda kaunta, akajaza kitabu kama kawaida, akarudi akakaa.

Lakini mimi roho haikutulia. Paswadi tatu ameweka, mara tatu mwizi ameingia siku hiyo hiyo. Huyo mtu hapigi teke. Ana mahali anapitia, na mimi sijui ni wapi, na saa inaenda.

Nikaamua kitu ingine kabisa.

"Sikieni. Huyu mwizi tusimfukuze. Tumwache asome. Lakini asome ukuta."

"Ati nini?" akasema Kanini.

"Mbinya, barua za Bi Ingrid huwa na kitu huku chini mwisho?"

"Huwa na takataka. Herufi nyingi, ni kama kuku imetembea kwa kibodi. Mimi hufuta."

"Ngai! Mbinya! Hiyo sio takataka, hiyo ni kufuli yake!"

Wote wakaniangalia vile unaangalia mtu ameanza kuongea peke yake sokoni.

Nikateremka ngazi mbili mbili hadi hadiwea, nikaomba Shaaban kufuli tatu mpya. Akanipea akisema zikipata mkwaruzo ni zangu. Nikarudi, nikachukua ile kisanduku ya mpingo Mbinya alikuja nayo kwa kiondo, ile iko na komeo mbele.

"Mbinya, kaa kona hii. Kanini, kona ile. Mzee Kahiga, wewe ni posta."

"Posta gani? Ya kuaminika?"

"Hapana. Posta mwenye macho mbaya. Kitu ikipita kwa mkono yako, fanya vile unataka."

Mzee alikunja mikono ya koti kama mtu amengojea hiyo kazi miaka thelathini.

Raundi ya kwanza, Mbinya akaandikia Kanini barua, akaweka kwa kisanduku bila kufunga. Posta akafika katikati ya chumba, akafungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Kanini, ukirudi nyumbani nioshee ile sufuria."

"Osha mwenyewe!" Kanini akajibu kutoka kona.

Raundi ya pili, Mbinya akafunga na kufuli. "Na Kanini atafungua na nini?" nikauliza. Akafikiria, akapea posta kisanduku na ufunguo pamoja. Mzee Kahiga alicheka mpaka akakaa chini. Akafungua, akasoma, akafunga, akapeleka akipiga mluzi.

"Sasa oneni," nikasema. "Kanini, chukua kufuli yako. Usiifunge. Ufunguo weka shingoni. Kufuli ikiwa wazi hivyo, mpe posta apeleke kwa Mbinya."

Kufuli ikapita. Posta akaiangalia juu, chini, akainusa. Ya nini? Kufuli wazi haina siri. Mbinya akaweka barua, akabonyeza kufuli ya Kanini. Ka!

"Fungua," nikamwambia Mbinya.

"Nifungue na nini? Ufunguo ako nao yeye."

"Wewe mwenyewe uliyefunga huwezi?"

"Siwezi!"

Mzee Kahiga akachukua kisanduku. Akatikisa. Akavuta. Akauma, nilimwona na macho yangu, akauma kufuli na meno ya mbele. Ikakataa. Ikafika kwa Kanini, akatoa ufunguo shingoni, ka, ikafunguka.

Mbinya akashika kufuli, akaigeuza geuza.

"Kwa hivyo," Mbinya akasema polepole, "kufuli naeza kupea dunia yote."

"Dunia yote. Hata mwizi."

"Na ufunguo hautoki kwangu."

"Hata kwa mamako."

Hapo nikajisikia mwalimu kweli. Nikatamani mamangu aitwe aone.

Lakini posta hakuwa amemaliza. "Tucheze tena," akasema, na macho yanacheka. Kanini akamtumia kufuli yake wazi. Mzee akageuka, akaingiza mkono kwa koti, akatoa kufuli ya baiskeli yake, akaweka ile ya Kanini mfukoni, akampelekea Mbinya hiyo ya baiskeli na uso ya mtu wa kanisa. Mbinya akaandika, akafunga, ka. Katikati ya chumba mzee akatoa ufunguo wake, akafungua, akasoma: "Kanini, mzee hawezi leo."

Tulicheka mpaka Shaaban akagonga dari na ufagio. Kanini alicheka akatoa machozi.

"Mzee, rudia," akasema. "Hapo kwa kubadilisha. Sijaona vizuri."

Mzee akarudia, pole pole.

"Ndio maana lazima ujue kufuli ni ya nani kabla ya kufunga nayo," nikasema. "Unauliza mwenyewe, uso kwa uso." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, msomaji. Dakika kumi baadaye nikasahau, juu saa ilikuwa inanikimbiza.

Tukaingia kwa kompyuta. Kila mtu nikampea disketi yenye programu ya kufunga barua, kama ile ya Bi Ingrid, ikamtengenezea kufuli na ufunguo wake. Kufuli ni zile herufi za kuku. Ufunguo ukakaa kwa disketi, na akina dada wakaificha pale wanafichanga nauli. Mbinya akachukua kufuli ya Bi Ingrid chini ya lile jibu lake, akaandika: "Uliambiwa tukutane wapi? Nijibu na kufuli yangu, hii hapa." Akafunga. Barua ikageuka takataka tupu mbele ya macho yetu. Akatuma.

"Mwizi asome hiyo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitabasamia. Nikasahau shati.

Tukaenda chai kwa ngazi, mimi, Mbinya na mzee. Kanini akabaki ndani. Alisema anataka kuzoea kibodi, vidole vyake vinajua patasi tu.

Saa nane kasoro robo, jibu likaingia. Takataka tupu, tamu. Wakati huo Kanini alikuwa ametoka na kiondo cha vinyago vya kuonyesha Bi Ingrid, ati anaenda kununua sandipepa na hawezi acha vitu vya watu peke yake.

"Fungua, Mbinya!"

Akaingiza disketi. Kompyuta ikakohoa, ikafikiria, ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa.

"Ufunguo wangu haufungui," akasema. "Maundu, wewe uliniambia utafungua!"

"Ngoja." Nikaenda kwa zile barua zimetumwa. Ile yetu iko. Na juu yake iko ingine, imetumwa saa sita na dakika ishirini, wakati tulikuwa chai. Nikaisoma kwa sauti.

"Samahani Bi Ingrid, ile kufuli ya kwanza imeshika kutu. Tumia hii."

Chini yake, herufi za kuku. Sio zile Mbinya alituma.

Mzee Kahiga akatoa miwani. "Huyo amebadilisha kufuli njiani," akasema. "Hiyo ni kazi yangu kabisa."

"Na hiyo kazi nani aliiona?" nikauliza. "Ni sisi tulikuwa hapa. Mwizi amesoma darasa langu!"

Shaaban alikuwa amesimama mlangoni. Hata sikujua amepanda lini. "Basi rahisi," akasema. "Kila mtu ana ufunguo wake kwa disketi, sivyo? Jaribuni zote. Anza na yako, mwalimu."

Yangu, ikakataa. Ya Mzee Kahiga, ikakataa, na nikaona mabega yake yakishuka, kumbe alikuwa amejishuku.

"Ya Kanini?" Shaaban akauliza.

Tukaangalia kiti ya Kanini. Hakuna Kanini. Hakuna disketi. Hakuna kiondo.

"Hapana," Mbinya akasema. "Hapana! Kanini ni mwana wa mwaitu, ni dada yangu, tumekula sahani moja! Na ataingia aje? Nilibadilisha paswadi leo, sentensi nzima, hata nyinyi hamuijui!"

Mzee Kahiga akakohoa. "Hiyo ya mbuzi tatu za nyanya yake kula kitenge?"

Tukageuka wote.

"Mzee," nikasema pole pole, "umejua aje?"

"Si ameandika kwa kitabu."

Nikaruka mpaka kaunta. Nikafungua kitabu cha wageni. Mistari imenyooka kama reli, biro nyekundu: Jina. Namba ya kitambulisho. Atokako. Saa ya kuingia. Halafu, kabla ya sahihi, safu ingine, imeandikwa kwa herufi kubwa nzuri za ofisi: PASWADI.

Na imejazwa! Kurasa kumi na moja! Mwalimu wa shule ya msingi, ameandika. Pasta, ameandika. Mtu wa polisi, ameandika na akaweka sahihi! Mkenya akiona safu imechorwa haulizi ni ya nini, anauliza kama kuna biro. Mbinya mbinya. Mbinya mbinya moja. Mbinya wamunyu. Na ya leo, imejipinda mpaka ukingoni juu haikutosha: Mbuzi 3 za shosho zilikula kitenge mpya!

"Lakini hiyo ni siri, mzee!"

"Siri gani na iko kwa rejista?"

"Nani alikuambia uchore hiyo safu?"

Mzee Kahiga akanyoosha mgongo. Miaka thelathini ya serikali ikaongea. "Wewe, mwalimu. Wiki ya kwanza. Ulisema, 'Mzee, hakikisha kila mtu ako na paswadi.' Nikahakikisha."

Nilikuwa nimesema.

Shaaban akachukua kitabu, akafunga taratibu. "Kwa hivyo mwizi sijaonyeshwa. Nimeonyeshwa kitabu kinachogawa siri za mji mzima, na aliyeagiza ni wewe."

"Mzee Shaaban, mwizi ni Kanini! Ndiye alibaki ndani!"

"Kanini hayupo kujibu. Wewe upo."

"Yule pale si Kanini?" Mzee Kahiga alikuwa dirishani. Tukamfuata. Huko chini stegi, gari la Kyumbi limekaribia kujaa, na dirisha la nyuma ameketi msichana na kiondo kwa mapaja, amekishika kama mtoto.

Kyumbi. Pale barabara kuu, ambapo mzungu akitoka Nairobi lazima apite. Mwili wangu ulianza kwenda kabla niuambie.

"Maundu." Sauti ya Shaaban imeshuka mpaka sakafuni. "Saa nane imefika. Ukipita huo mlango sasa, mimi nitajua umekimbia, na Machakos itajua. Na usirudi."

"Nikikaa hapa, Mbinya amepoteza kazi ya kikundi kizima!"

"Funguo."

Nikatoa funguo za saiba. Nikafikiria mamangu kwa laini ya posho mill. Nikaziweka kwa kaunta, juu ya kitabu.

"Mbinya, unakuja?"

Hakusonga. Alikuwa anaangalia hiyo gari chini, na uso wake haukuwa uso wa mtu ameibiwa.

"Mbinya! Inajaa!"

"Wale twiga," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sio ile ilishika kola yangu. "Wale wa picha. Wenye Bi Ingrid alipenda."

"Wamefanya nini?"

"Sio mimi niliwachonga. Ni Kanini." Akageuka kutoka dirishani. "Mimi niliwapaka polishi tu. Halafu nikaandika jina langu."

Chini makanga wa hiyo gari akaita, Kyumbi mmoja, mmoja tu. Shaaban akaniangalia. Mzee Kahiga akaangalia rula yake.

Nilikuwa nimejitayarisha kukimbiza mwizi. Sasa nimeshika mlango na sijui nikifika pale chini nitamnyang'anya huyo msichana kiondo, ama nitamsaidia kukibeba.

Nikatoka. Nikafunga mlango.